Nilivyomwandikia farasi wa beach ripoti ya "tabia mbaya", nikaishia kumbeba mweka hazina mgongoni

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Mlio ofisini mkijifanya mnafanya kazi, nawasalimu mara mbili.

Mimi hapa huwa msomaji tu. Naingia, nacheka, natoka. Lakini juzi nimesoma uzi wa jamaa anayesema ng'ombe wake ana roho mbaya, anapiga mateke, na wote mkamwambia auze. Nikaona hapana, leo lazima niandike.

Nitakayosema ni ya kweli, hata yale yanayoniaibisha, na yako mengi. Majina nimebadilisha. Beach yenyewe sitaitaja kwa sababu bado naenda kula samaki huko, na ningependa kuendelea kula samaki huko.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka ashuke chini asome funzo, ingawa atakosa pale nilipogeuka farasi.

Kwanza mnijue.

Mimi ni physio wa timu ya mpira. Msiulize timu gani. Tuko ligi za huko chini kabisa, ambako refa na mshika kibendera wanakuja kwa boda moja. Kazi yangu ni kukanda misuli, kufunga vifundo vya miguu, na kumwagia maji mchezaji anayejifanya ameumia. Kwetu ni Vihiga, lakini nimekaa Kisumu miaka mingi mpaka nikienda nyumbani wananiuliza kwa nini siku hizi naongea kama naimba.

Wachezaji wananiita Daktari. Sijawahi kuwasahihisha.

Sasa, siku moja nikiwa sina kazi nikaona kwa simu video ya mama mmoja wa ng'ambo akimkanda farasi mgongo. Farasi amefumba macho, mdomo wa chini unaning'inia, anapiga miayo. Nikasema hii ni kazi yangu kabisa, tofauti ni miguu miwili tu.

Nikafuata kozi yake yote online. Kukanda kwa mikono, body balance, jinsi mgongo ukipinda na tabia inapinda. Video kumi na moja. Somo la kwanza kabisa lilikuwa kwamba farasi hana maneno, kwa hivyo tabia yake ndiyo maneno yake. Niliandika kwa daftari na nikapiga mstari chini. Huo mstari mtaukumbuka mbele.

Nilipomaliza nikapata cheti. Nikakipeleka cyber pale Kondele kikapigwa lamination. Halafu nikafanya kosa ambalo Mkenya yeyote akishika cheti hulifanya.

Nikatengeneza muhuri.

Wa duara, wino wa bluu, jina langu limezunguka juu na "Equine Body Balance" katikati. Wakuu, farasi wa Kisumu unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na bado ukabaki na kidole cha kupigia simu. Muhuri ukakaa kabatini miezi mingi, wino ukaanza kukauka.

Halafu akaja Mama Awino.

Mama Awino ndiye mwenye farasi wa ile beach. Mume wake alipofariki, mama akabaki anakaanga samaki hapo, na moshi ukamharibu kifua mpaka daktari wa ukweli, siyo mimi, akamwambia aache. Akauza sufuria zote na mashua aliyoachiwa, akaenda kununua farasi aliyestaafu mbio Nairobi. Wakwe zake walisema amerukwa na akili. Farasi akaletwa kwa lori. Jike, mrefu, rangi ya kahawia, akampa jina Jaber, yaani mrembo kwa Dholuo.

Na Jaber akamlisha. Watoto wanapanda wanazungushwa, watu wazima wanapiga picha juu yake, ziwa nyuma. Watoto wawili wa Mama Awino wako shule kwa mgongo wa huyo farasi.

Alinikuta nyumbani Jumanne asubuhi. Hakuzunguka.

"Daktari, si wewe ndio ile ya farasi?"

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

"Jaber imeharibika. Jumapili imetupa mwalimu wa kwaya kwa matope, kwaya yote ikiona. Chairman wa beach amenipea Jumapili tatu. Isipotulia, inatoka. Na kuna jamaa wa Katito anataka nimuuzie avute nayo mkokoteni ya mchanga."

Mkokoteni wa mchanga, wakuu. Farasi wa mbio, miguu myembamba vile.

"Ile mchanga itamuua," akasema. "Na mimi nitarudi kwa moshi. Sasa wewe niambie kama unaweza."

Nilimwambia naweza. Hata muhuri nilimwonyesha.

Jumatano nikaenda na vifaa vyangu. Dawa ya kuchua ya timu, taulo, na barafu niliyoombea kwa wauza samaki, ndiyo maana Jaber alinuka ngege, yule samaki wa ziwani, kwa wiki nzima. Alikuwa amefungwa nyuma ya vibanda, ametandikwa tandiko alilomshonea fundi wa viti vya pikipiki, sponji na rexin nyekundu, ile ngozi bandia, na upande wa kulia amening'iniziwa leso. Nikatoa tandiko, nikatoa leso, nikaanza kupapasa.

Sikuhitaji hata dakika tano. Nyuma kidogo ya pale tandiko linakaa, upande wa kushoto, misuli ilikuwa imekaza kama ubao. Nikigusa, masikio yanalala nyuma na meno yanatafuta bega langu. Upande wa kulia, laini kabisa. Nyonga ya kushoto nayo ilikuwa chini kuliko ya kulia.

Wavuvi na wauza samaki walikuwa wamejaa kutazama, kwa hivyo nikaeleza kwa sauti, kwa Kizungu, kwamba hapa tuna imbalance. Mmoja akauliza inaambukiza?

Nikamkanda nusu saa. Kiganja, kidole gumba, barafu, kiganja tena. Pole pole kichwa kikashuka. Mdomo wa chini ukaning'inia. Jaber akapiga miayo mikubwa mara tatu, nami nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia kwa kumkanda beki.

"Yawa! Imelala?" Mama Awino akauliza.

"Amefunguka," nikasema, kwa sauti ya kidaktari.

Alhamisi alitembea vizuri. Ijumaa alitembea vizuri zaidi. Jumamosi watoto wa shule walipanda mchana kutwa, hakuna neno. Mama Awino alinipigia simu kunishukuru mpaka nikaona aibu. Kidogo.

Jumapili mimi nilienda mechi, kama kila Jumapili. Jioni simu ikalia. Jaber amemng'ata mama mmoja mkono wa nguo akijaribu kupanda, halafu akainua mgongo akakataa kusimama.

Jumatano nikarudi. Ubao ule ule, mahali pale pale. Nikamkanda, akapiga miayo. Jumamosi malaika, Jumapili shetani.

Wakuu, hapo ndipo kila mtu alipata digrii.

Pasta mmoja alisema mambo ni wazi, huyu mnyama ana pepo linalochukia watu wa Mungu, kwani wiki nzima anabeba watu wa dunia hasemi kitu, waumini wakitoka kanisani wakimkaribia anachafuka. Akaombewa. Alikula majani wakati wote wa maombi. Chairman wa beach, Mzee Olang', mtu mpole lakini mwenye mafaili, akaniuliza kwa dhati kabisa, "Daktari, kwani hii farasi ni ya dini gani?"

Mimi niliwacheka wote. Mimi ni mtu wa sayansi. Nikaja na nadharia yangu.

Vitambaa vyeupe. Wale mama wa kanisa wengi wanafunga kitambaa cheupe kichwani. Nikasema huyu farasi huko Nairobi aliwahi kutishwa na kitu cheupe, kumbukumbu imekaa kwenye misuli. Hiyo ilikuwa kwenye video ya tisa, au nilidhani ilikuwa.

Alhamisi nikachukua kitambaa cha mke wangu, nikakifunga kichwani, nikasimama mbele ya farasi mbele ya soko zima la samaki. Jaber akaninusa. Akashika ncha ya kitambaa kwa meno, taratibu, akaanza kuitafuna huku ananiangalia.

Pale beach mpaka leo kuna watu wananiita Sista.

Najua mnachotaka kuuliza. Kwa nini usiende Jumapili ujionee? Wakuu, Jumapili nina mechi. Mgonjwa wangu alikuwa anaugua Jumapili na mimi namtibu Jumatano, na hilo halikunisumbua hata kidogo. Niliulizia kila kitu isipokuwa nini hasa hufanyika siku hiyo.

Jumapili ya tatu alipiga teke. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu. Ilivunjika stuli ya kupandia na mwavuli wa mpiga picha. Lakini kamati ya beach ikasema basi, watakaa Jumatatu ya wiki inayofuata kuamua, na kabla ya hapo wanataka ripoti ya mtaalamu.

Ripoti! Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuhitaji muhuri wangu.

Nikakaa chini nikaandika. Na hapa naomba niseme wazi, kwa sababu ndiyo sehemu inayoniuma. Nilijua ile misuli inakaza. Nilikuwa nimeigusa mara tatu kwa mikono yangu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaitibu, tena kwa ustadi. Kama bado anang'ata baada ya mimi kumtibu, basi kosa haliwezi kuwa langu, ni lake. Hivyo tu. Hakuna zaidi ya majivuno.

Niliandika hivi: "Nimemchunguza farasi huyu mara tatu. Misuli imetibiwa. Tatizo lililobaki ni la tabia. Tabia mbaya haina dawa."

Nikapiga muhuri. Ukatoka hafifu, nikapiga tena.

Mama Awino aliniomba nimsomee. Nikamsomea nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono uko shingoni mwa Jaber.

"Kwa hivyo ni roho yake tu," akasema.

"Pole, mama."

"Mimi nilikuwa nadhani anaumwa." Akampigapiga Jaber shingo. "Haya. Ero kamano, Daktari."

Alinishukuru! Ningependelea anitusi. Ile asante nilikwenda nayo nyumbani, ikakaa na mimi mezani, ikalala na mimi.

Yule mtu wa Katito akaambiwa aje Jumanne. Jumatatu kamati ingetia sahihi. Chairman kwa huruma zake akamruhusu Mama Awino Jumapili moja ya mwisho, picha za kusimama tu, hakuna kuzunguka.

Na hiyo Jumapili, wakuu, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Uwanja wetu uko chini karibu na ziwa. Kamongo walikuwa wanaogelea eneo la penalti. Mechi ikaahirishwa.

Mke wangu, Mama Brian, alikuwa ametoka kanisani na nguo yake ndefu ya umoja wa akina mama. Akanikuta kwa kochi.

"Nipeleke nipige picha na huyo mgonjwa wako kabla auzwe," akasema. "Si umemshindwa? Angalau tubaki na kumbukumbu."

Nikaenda, roho haitaki.

Tulikuta foleni. Akina mama wa makanisa matatu, rangi zote za sare. Mpiga picha, Dan, alikuwa anawapanga kama mtu anayepanga nyanya. "Mama, panda hapa. Miguu huku yote. Uso kwangu. Lake iko nyuma, safi. Next!"

Sasa mnajua mama aliyevaa nguo ya kanisa hawezi kupanua miguu juu ya mnyama mchana kweupe. Anakaa vile anavyokaa kwa boda, upande, miguu yote miwili pamoja. Na kwa kuwa Dan anasimama barabarani ili apate ziwa nyuma, na Jaber anasimamishwa siku zote akiangalia upande mmoja, miguu yote ilikuwa inaning'inia kushoto. Mama wa kwanza kushoto, wa pili kushoto, wa thelathini kushoto. Watoto wa shule Jumamosi wana kaptura, wanakaa katikati. Jumapili ni kushoto kuanzia ibada inapoisha hadi jua linapozama.

Mnaona jibu, sivyo? Mimi sikuliona. Nilisimama pale nikaangalia mama kumi wakikaa kushoto, nikaona ni mama kumi.

Ikafika zamu ya mke wangu. Mama Brian ni mtu wa mwili wake, na mwili huo nimechangia kuulisha, sina neno. Akapanda kwa stuli mpya, akakaa. "Nishike nyuma, nisianguke," akaamuru.

Nikaweka kiganja nyuma ya tandiko, upande wa kushoto, ili nimshikilie.

Alipojiachia na uzito wake wote, ile sponji ya pikipiki ikateleza kuja upande wangu ikabana vidole vyangu. Na chini ya kiganja nikasikia misuli ikijikaza. Ikawa ubao. Ule ule, mahali pale pale nilipokuwa nakanda kila Jumatano. Masikio ya Jaber yakalala nyuma.

Mkono ulijua kabla ya kichwa.

"Shuka," nikamwambia mke wangu.

"Picha bado!"

"Shuka tu."

Akashuka. Misuli ikalegea chini ya mkono wangu, pole pole.

"Panda tena."

"Baba Brian, uko sawa?"

Alipanda na kushuka mara nne. Watu walidhani tumegombana. Kila akikaa, ubao. Kila akishuka, nyama. Nilimkumbuka Mama Awino akisema alidhani anaumwa, na mimi na cheti changu nikamwambia hapana. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na huyu farasi alikuwa analiwa na nguo za Jumapili.

Nikamvuta Mama Awino pembeni, nikamwambia kila kitu.

"Sasa wakae aje?" akauliza. "Mama wa kanisa apanue miguu mbele ya pasta?"

"Wakae hivyo hivyo. Wewe mgeuze farasi tu. Kichwa kiangalie kule. Lake bado iko nyuma, Dan hasogei, lakini miguu inaning'inia kulia. Nusu ya watu huku, nusu kule. Lakini kwanza apumzike vizuri."

Rahisi hivyo. Wiki zote hizo za barafu na maombi, na dawa ilikuwa kugeuza farasi.

Lakini Mama Awino aliangalia chini. "Upande ya kulia siwezi."

"Kwa nini?"

Akainua leso.

Kutoka begani mpaka mbavuni kulikuwa na kovu refu, pana, manyoya hayajaota. Nilikuwa nimeliona Jumatano zote. Nilitoa ile leso kwa mkono wangu na kuirudisha kwa mkono wangu, na sikuuliza hata mara moja, kwa sababu halikuwa kwenye video.

"Ni bati ya lori, siku alifika," akasema. "Wiki ya kwanza watu wanaona, wanavuta watoto wao. Wanasema farasi iko na ugonjwa. Nimeipea jina Jaber, halafu watu wanaikimbia. Nikaona ni heri nigeuze upande mzuri." Akashusha leso. "Kumbe ni mimi."

Nilimwambia siyo yeye, ni mimi. Tulibishana hapo kidogo nani ana makosa zaidi, huku Jaber akila mahindi ya kuchoma mkononi mwa mke wangu.

Jumatatu, kamati.

Wanakaa kwenye banda la kupimia samaki, sakafu ya saruji, viti vya plastiki. Nikasimama nikasema ripoti yangu si ya kweli, naomba kuiondoa. Mzee Olang' akavaa miwani, akafungua faili.

"Lakini Daktari, hii iko na stamp."

"Najua, Mzee. Nilikosea."

"Iko na stamp mbili."

"Mzee..."

"Sasa tutaamini ipi? Hii ya stamp, ama hii ya mdomo?"

Nikaeleza kuhusu uzito upande mmoja. Wakaniangalia vile mnamwangalia mtu anayeuza dawa ya meno kwa basi. Mmoja akasema mama yake amekaa upande kwa baiskeli miaka thelathini na baiskeli haijawahi kupiga mtu teke.

Hapo ndipo nikavua koti.

Nikapiga magoti, nikaweka mikono sakafuni, nikasema, "Mtu akae. Vile mama wanakaa." Wakacheka. Aliyeinuka ni mweka hazina, mama mwenye heshima zake, muuza omena wa jumla, anayeitwa na wote Mama Treasurer. Akapanga sketi yake, akakaa mgongoni kwangu, miguu yote kushoto.

"Tembea," Chairman akasema. "Sisi tuendelee na agenda. Katibu, choo."

Wakuu, walijadili choo cha beach mimi nikizunguka meza yao. Mzunguko wa kwanza nilitabasamu. Wa pili, mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka. Wa tatu, kitu kikashika chini ya mbavu za kushoto, nikaanza kupinda, na kadiri ninavyopinda ndivyo Mama Treasurer anavyoteleza na kushika kola yangu. Walikuwa bado wanabishana kuhusu mlango wa choo. Wa nne sijui nini kilinipata. Mimi ni mtu mtulivu, ulizeni yeyote. Nilipaza sauti, "Shuka! Shuka, mama, unaniua!" na nikainua mgongo.

Mama Treasurer alishuka haraka kuliko alivyokusudia.

Mzee Olang' akachukua ripoti yangu, akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Tatizo lililobaki ni la tabia. Tabia mbaya haina dawa." Akaniangalia juu ya miwani. "Katibu, andika hata Daktari iko na tabia."

Banda lilipasuka kwa kicheko. Mama Treasurer alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi niko sakafuni, mgongo unawaka, nacheka na kulia pamoja.

Walipotulia, Mzee akauliza kwa upole, "Iliuma wapi?"

Nikamwonyesha. Kushoto, chini ya mbavu.

"Na wewe uko na mdomo," akasema. "Ile farasi ingetuambia na nini?"

Nikaukumbuka ule mstari niliopiga kwa daftari.

Mama Awino akapewa miezi miwili ya majaribio. Yule wa Katito akarudi bila farasi, nasikia amepata punda. Jaber akapumzika wiki tatu nzima, mimi nikimkanda, fundi wa viti vya pikipiki akashona tandiko upya lisiloteleza.

Siku aliporudi kazini nilipita asubuhi kabla ya mechi. Mama Awino akamgeuza mwenyewe, kichwa kule, upande wa kulia kwa watu. Akatoa leso, akaikunja, akaitia kwenye kapu.

Mama wa kwanza kwenye foleni akaona kovu. "Hii ni nini?"

"Ni lori, mama. Panda."

Akapanda. Masikio ya Jaber yalibaki mbele. Hajang'ata mtu mpaka leo, na pasta anasema ni yale maombi.

Ningeishia hapo, lakini niliahidi ukweli wote.

Kwenye timu tuna winga, tumwite Odush. Miaka mitatu nyonga yake ya kushoto inamsumbua. Namkanda Alhamisi, Jumapili anacheza, Alhamisi amerudi vile vile. Msimu uliopita kocha aliniuliza tatizo la huyu kijana ni nini. Nikamwambia uvivu, hafanyi mazoezi ninayompa. Odush akawekwa benchi. Yuko benchi mpaka sasa.

Alhamisi baada ya kamati alikuja kama kawaida, akalala kwa meza. Nikaweka kiganja. Ubao, kushoto. Na kwa mara ya kwanza nikamuuliza, "Odush, kwani wiki nzima wewe hufanya kazi gani?"

Akageuza kichwa akaniangalia.

"Nabeba barafu pale kwa samaki, Daktari. Ile block kubwa. Bega moja, tangu nikuje Kisumu."

"Bega gani?"

"Si hii ya kushoto. Hata ile barafu ya farasi ni mimi nilikuletea."

Kwa kocha nilienda siku hiyo hiyo, kulifuta lile neno uvivu. Bila karatasi.

Funzo langu ni fupi. Kabla hujaandika neno "tabia", nenda ukaone siku yenyewe anapoharibikiwa, uone nani amemkalia na upande gani. Yule jamaa wa ng'ombe, nakuomba, kesho uwe hapo anapokamuliwa. Na ninyi wengine, msimwambie auze bado.

Haya, uwanja wenu. Wenye farasi, wenye punda, wenye wafanyakazi "wavivu" na watoto "watundu", njooni mseme, na mnaotaka kunicheka pia karibuni. Nawasoma wote nikiwa nimekaa hapa, makalio yote mawili chini.